Aya ya Tano ya Tangazo

Jumatatu, 2 Machi 1959

Nimeazimia kuweka shajara ya msimu huu wa mvua, kwa sababu Serikali imetangaza kuwa ndio msimu ambao wasio na kazi wa Nakuru watapata kazi, na mimi Joash, karani na mkalimani wa afisi ya kuandikisha watafuta kazi, ndiye niliyepewa kinywa cha kuwaambia.

Leo walikuwa zaidi ya mia tatu mbele ya ngazi zetu, wengine wakiwa wamejifunika blanketi za baridi ya Molo, wengine wamevaa makoti ya jeshi yaliyochakaa mabegani. Bwana Afisa alinipa karatasi ya Kiingereza yenye aya tano, nami nikaifasiri papo hapo, kama ilivyo desturi yangu. Aya ya kwanza: Serikali imesikia kilio chao. Ya pili: bwawa kubwa litachimbwa upande wa Rongai, na wanaume mia mbili wanatakiwa. Ya tatu: ataandikwa tu yule asiye na mwajiri, ambaye cheti chake cha kazi kimefungwa kwa sahihi ya mwajiri wake wa mwisho. Ya nne: watakaofanya kazi hiyo mpaka mwisho watafikiriwa kwanza yatakapogawanywa mashamba yatakayonyweshwa na bwawa lile.

Niliposema neno “mashamba”, uwanja uliitika kwa sauti moja. Kofia zilirushwa juu. Mtu mmoja mcheshi, Kipkemei, aliyekuwa mpishi wa wazungu, alipiga kelele, “Karani, wewe ungekuwa mchumba, hakuna msichana angebaki kwao!”

Nilikuwa bado na aya ya tano mkononi. Ni aya ya tahadhari, ya namna ambayo afisi haziachi kuiandika: kwamba mvua ikizidi kazi yaweza kusimamishwa bila notisi, na kwamba mwenye kazi asiiache kwa ajili ya hii. Nilitazama nyuso zile, nikaikunja karatasi na kushuka. Msemaji anayeijua kazi yake hushuka watu wangali wamesimama.

Jumanne, 3 Machi

Tumeandika watu sabini na wanane. Mkono unauma.

Alhamisi, 5 Machi

Mbele ya meza yangu amesimama mtu mrefu, mtaratibu, aitwaye Kemboi. Ni skwota katika shamba la mzungu mmoja kule Molo, ambaye wafanyakazi humwita Bwana Kobe kwa jinsi anavyoendesha trekta yake. Kemboi alizaliwa katika shamba lile, kama baba yake. Humfanyia mzungu kazi siku zilizoandikwa katika mkataba, naye hupewa mahali pa kujenga, bustani ya viazi na malisho ya ng'ombe wachache.

“Karani, mimi nina kazi,” akasema. “Lakini nimesikia ulivyosema juu ya hayo mashamba. Nikifa leo, mke wangu anapewa siku ngapi za kutoka? Nataka mahali ambapo mtoto wangu hataambiwa toka.”

Nikamjibu kwa mujibu wa aya ya tatu: mwenye mwajiri haandikwi; cheti sharti kiwe kimefungwa.

“Basi nikimwambia mzungu akifunge?”

“Kikifungwa, nitakuandika.”

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu, 9 Machi

Kemboi amerudi na cheti kilichofungwa. Bwana Kobe hakumzuia. Amemruhusu mkewe Jepchumba na watoto wabaki katika nyumba yao mpaka viazi vivunwe, tarehe thelathini Juni. Baada ya hapo nyumba, bustani na malisho ni vya atakayeshika nafasi yake.

“Juni ni mbali,” Kemboi akasema. “Mpaka wakati huo tutakuwa tumemaliza bwawa.”

Nikamwandika. Lori liliondoka saa nne, watu wakiimba.

Jumatano, 11 Machi

Barua kutoka Molo: Bwana Kobe anataka mtu mmoja badala ya aliyeondoka. Nimempeleka Gachanja, mtu wa makamo aliyekuja kusimama mbele ya ngazi zetu kila siku kwa miezi saba. Ana mke mjamzito na watoto wanne. Kibali chake cha kuingia Bonde la Ufa kingekwisha wiki hii kama asingepata mwajiri. Alipoona sahihi ya Bwana Afisa kwenye barua yake alikaa chini kwenye sakafu ya afisi.

Bwana Afisa amefurahi. Watu wawili wameandikwa kazi kwa sababu ya cheti kimoja. Nami nikajiambia kuwa hii ndiyo hekima ya utawala mwema.

Ijumaa, 20 Machi

Vumbi. Hakuna wingu.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua imeanza saa tisa alasiri. Tumshukuru Mungu, viazi vya watu vitapona.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimefuatana na Bwana Afisa mpaka Rongai kulitazama bwawa. Watu wanachimba kwa sululu na karai, safu mbili zikipokezana udongo mwekundu, na ukuta umefika kimo cha kifua. Kemboi amefanywa nyapara wa safu moja. Aliponiona aliwaambia wenzake, “Inukeni, huyu ndiye aliyetuzaa!” Wakacheka. Kipkemei, aliyeacha jiko kwa ajili ya sululu, akasema, “Basi baba, leta maziwa!”

Wakati wa mapumziko Kemboi alinichukua mpaka kwenye mteremko ulio chini ya ukuta. Alikuwa amechomeka vijiti vinne katika nyasi.

“Hapa nyumba,” akasema. “Pale mahindi. Kule chini, karibu na maji, mboga za mke wangu, mama Chemutai. Nimemwambia Jepchumba juu ya hapa, ameniuliza kama udongo ni mweusi. Karani, angalia mwenyewe.”

Akachota udongo, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mweusi kweli, na ulikuwa mzito kwa maji. Nilitaka kusema neno. Nilijua ni neno gani. Nikasema, “Ni udongo mzuri.”

Jumatano, 22 Aprili

Mvua ya siku nne mfululizo. Habari kutoka Rongai: upande wa mashariki wa ukuta umekatika.

Jumatatu, 27 Aprili

Barua imefika. Kazi ya bwawa imesimamishwa “mpaka hali itakaporuhusu”. Bwana Afisa aliisoma akiwa amesimama dirishani, akanipa bila kunitazama. Nilimwuliza hali itaruhusu lini. Akasema fungu la fedha za Rongai limehamishiwa mradi mwingine, nje ya mkoa huu, na kwamba jambo hilo si la kuwaambia watu.

Jumatano, 29 Aprili

Malori yamewarudisha mia mbili wakiwa wamelowa mpaka mifupa. Nilisimama ngazini nikasoma barua. Ilikuwa na sentensi tatu tu, na nilizisoma zote.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Kisha Kipkemei akasema, kwa upole wa mtu anayemwuguza mgonjwa, “Karani, leo mbona maneno machache hivyo? Siku ile yalikuwa yanatiririka.”

“Leo sina mengine,” nikamjibu.

“Basi siku ile uliyatoa wapi?”

Watu wakacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, wakatawanyika katika mvua. Kemboi peke yake hakuondoka. Alisimama chini ya paa mpaka tulipofunga, kisha akaenda zake.

Jumatatu, 4 Mei

Nitajaribu kuandika ya leo yote, kama yalivyokuwa.

Kemboi alikuja saa sita, wakati afisi huwa tupu. Alikuwa ametoka Molo. Bwana Kobe amemwambia nafasi yake ina mtu, na kwamba tarehe ya kuondoka ni ile ile. Alivua kofia, akaiweka mezani.

“Karani, ile karatasi ya kwanza ipo?”

Ipo. Hatutupi karatasi.

“Nisomee tena. Mimi si msomi. Nilikuwa nyuma, watu walikuwa wanapiga kelele. Labda kuna mahali sikusikia vizuri.”

Angenijia kwa hasira ningejua la kufanya, kwa maana nimewatuliza wenye hasira kwa miaka kumi na moja. Lakini mtu huyu alikuwa amekuja kulitafuta kosa katika masikio yake mwenyewe. Nilitoa karatasi katika faili. Nikasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Aliitikia kila moja kwa kichwa, akizikumbuka. Kisha nikasoma ya tano.

Mvua iligonga mabati.

“Hiyo ya mwisho,” akasema, “ilikuwepo siku ile?”

“Ilikuwepo.”

“Haikuongezwa baadaye?”

“Haikuongezwa. Sikuisoma.”

“Kwa nini?”

Hapo ndipo nilipogundua kuwa sikuwa na sababu ya kumpa mtu. Sikuwa nimetumwa kuificha. Sikupata faida yoyote. Nikamwambia ukweli: kwamba watu walikuwa wanashangilia, nikapenda iishie pale.

Uso wake haukuwa wa chuki. Alinitazama kama mtu anayetazama daraja ambalo amelipita kila siku na leo ameona lilivyojengwa. Kisha akachukua kofia yake.

“Ungenisomea siku ile,” akasema, “ningerudi kwangu.”

Jumanne, 5 Mei

Nimemweleza mke wangu. Nanyama hakuinua macho kutoka kwenye uji aliokuwa akiukoroga. “Nimekusikia ukisema kanisani, kwenye harusi na matanga,” akasema. “Kila mara watu wakikusifu unarudi hapa nyumbani Bondeni umenenepa. Sasa umemnyang'anya mtu nyumba kwa hiyo sauti. Nenda kaitumie kumrudishia.”

Jumatatu, 11 Mei

Taarifa ya miezi mitatu imetakiwa Nairobi: idadi ya watu waliopatiwa kazi katika wilaya. Katika hesabu yetu Kemboi ni mtu mmoja aliyepata kazi bwawani, na Gachanja ni mtu mmoja aliyepata kazi Molo, jumla wawili. Safu ya waliopoteza haimo katika fomu. Nimeitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Nilikuwa nikiamini kuwa tunaongeza kazi katika nchi. Sasa naona kuwa kazi ya Molo ni ile ile moja. Tuliihamisha tu kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa mtu yule, na kila ilipohama sisi tukaiandika kama imezaliwa.

Jumamosi, 16 Mei

Nimekwenda Molo kwa lori la mboga. Baridi, ukungu, barabara tope tupu.

Bwana Kobe alinipokea barazani kwake bila kunikaribisha kiti, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, na sina budi kukiri kuwa sikutarajia. Anasema Kiswahili cha amri, kifupi.

“Kemboi mtu mzuri. Mimi napenda yeye kurudi. Lakini nafasi ni moja. Huyu Gachanja nimepewa na afisi yako. Afisi yako itoe yeye, mimi narudisha Kemboi. Wewe andika barua, mimi naweka sahihi.”

“Na Gachanja ataenda wapi?”

“Hiyo ni kazi ya afisi yako, siyo yangu.”

Nilirudi nikiwa na uwezo mikononi ambao sikuutaka.

Jumatatu, 18 Mei

Nimemwambia Kemboi aliyoyasema mzungu. Hakufikiri hata kidogo.

“Andika.”

“Gachanja ana watoto wanne, na wa tano njiani.”

“Mimi nina watatu, na wote wamezaliwa pale. Baba yangu amezikwa pale. Huyo Gachanja simjui, sina ubaya naye. Lakini wewe, Karani, uliposimama pale juu hukuniuliza nina watoto wangapi. Usinihesabie wa mwenzangu leo. Andika.”

Ni haki yake. Nikaiandika barua mbele yake, nikamsomea kila neno mpaka tarehe. Nitaipeleka mwenyewe Jumamosi.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Barua imo mfukoni mwa koti.

Jumamosi, 23 Mei

Niliamua kupitia kwa Jepchumba kwanza, nimpe habari kabla ya kumwendea mzungu. Nilimkuta bustanini akipalilia viazi. Kwenye tuta la pili alikuwa mwanamke mwingine, amekaa juu ya gunia, anamnyonyesha mtoto mchanga. Jepchumba alinifahamisha: huyu ni Wangare, mke wa Gachanja. Yeye na watoto wao walimfuata mumewe hapa wiki tatu zilizopita. Kule kwenye mabanda ya wafanyakazi hapakuwa na chumba cha mwanamke aliye karibu kujifungua, basi Jepchumba akampokea nyumbani kwake.

“Mtoto alikuja Jumapili, na mto ulikuwa umejaa,” Jepchumba akasema. “Hakuna mkunga angevuka. Nilimpokea kwa mikono hii.”

Wangare akatabasamu. “Ananiita mwizi wa nyumba,” akasema, “halafu ananipikia uji.”

“Si wewe ni mwizi?” Jepchumba akamjibu. “Viazi vyangu ndivyo hivyo umevikalia.”

Walicheka wote wawili. Sikuweza kucheka. Jepchumba aliona, akaweka jembe chini, akanisindikiza mpaka kwenye ua wa seng'enge, mbali na masikio ya mwenzake.

“Umeleta barua,” akasema. “Baba Chemutai alituma neno.”

“Nimeileta.”

“Usiipeleke.”

Nilidhani sikumwelewa. Akasema tena, polepole, kwa sauti ambayo sijaisikia katika mkutano wowote.

“Kwetu, aliyempokea mtoto ni mama yake wa pili. Mwanamke hawezi kumpokea mtoto mwezi huu, mwezi ujao amtupe barabarani. Nikifanya hivyo, ni nani tena ataniamini na tumbo lake? Mimi nitaenda kwa kaka yangu na watoto. Hana nafasi, atatubana tu. Lakini nitaenda.”

“Na mumeo?”

“Mume wangu hakumpokea huyo mtoto.” Alitazama ardhi. “Asijue kwamba nimesema. Atasema nimechagua watu wengine kuliko watoto wake. Na labda ni kweli. Karani, uchukue hilo wewe. Mwambie wewe ndiye hukutaka.”

Niliipasua barua ile hapo uani, na vipande nikavitia mfukoni ili mbuzi wasivile. Nilirudi Nakuru kwa miguu mpaka Njoro kabla sijapata lori.

Jumatatu, 25 Mei

Kemboi alikuja saa mbili kamili. Nilimwambia barua sikuipeleka, na kwamba nimeona si haki kumtoa Gachanja.

“Wewe umeona,” akasema.

“Mimi nimeona.”

Nilikuwa tayari anipige. Kipkemei alikuwa mlangoni. Kemboi alisogea karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

“Mara ya kwanza ulininyima maneno,” akasema. “Mara ya pili umeninyima karatasi. Mungu akupe mtu kama wewe siku utakapokuwa na shida.”

Nililipokea neno hilo. Sehemu yake ilikuwa yangu kwa haki, na ile isiyokuwa yangu nilikuwa nimeahidi kuibeba.

Juni 3

Nimeomba nafasi kwa ajili ya Kemboi kwenye reli, kwenye kinu cha unga, kwa wazungu sita. Majibu mawili, yote ni hapana.

Juni 9

Mvua.

Juni 17

Wazungu wanapunguza watu. Wanasema wanahofia yatakayotokea nchini. Leo wamesimama mia nne na zaidi mbele ya ngazi.

Jumanne, 30 Juni

Sikwenda Molo. Niliona ya kuwa macho yangu hayana haki ya kutazama. Mwenye lori la mboga amenisimulia: Jepchumba alivuna tuta baada ya tuta mpaka mwisho, akampa Wangare matuta mawili, akapakia vitu na watoto. Gachanja alibeba mizigo. Kemboi aliwasindikiza kwa miguu mpaka njia panda, wao wakashika barabara ya kwa kaka yake Jepchumba, yeye akashika ya Nakuru. Kaka ana chumba kimoja. Mwanaume wa pili hakuweza kukaa.

Jumatatu, 6 Julai

Mvua imepungua. Bwana Afisa amenipa karatasi mpya: mpango mwingine, wa kupanda miti. Watu sitini. Itasomwa saa tatu, baada ya uandikishaji.

Wa kumi na nne katika foleni alikuwa Kemboi. Sheria inataka aliyesimamishiwa kazi ya bwawa aandikwe upya kama mtu mgeni. Karani mwenzangu alitaka kumchukua. Nikasema nitamwandika mimi.

“Jina?”

“Unalijua.”

“Sharti ulitaje, mzee.”

Akalitaja. Nikamwuliza kazi anayoijua. Akasema ng'ombe, viazi, na kuchimba bwawa. Nikamwuliza mwajiri wa mwisho. Akasema, “Serikali.” Watu waliokuwa nyuma yake wakaguna.

“Makao?”

Nilingoja. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi na wino ukaanza kutanda.

“Andika hapa,” akasema. “Ukutani, hapo nje. Ndipo ninapolala.”

Nikaandika “hana”. Mwenzangu akainama, akasema fomu ya namna hiyo itarudishwa. Nafasi ile haiwezi kubaki hivyo, na mtu asiye na makao hapewi kadi. Basi nikalikata neno, na juu yake nikaandika Bondeni na namba ya nyumba yangu.

“Umeandika nini?” Kemboi akauliza.

“Mahali barua itakapokufikia kazi ikipatikana. Na mahali pa kulala mpaka hapo. Nanyama anajua.”

Hakunishukuru, wala hakukataa. Aliishika kadi kwa ncha za vidole, akaitazama kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine. Saa tatu ilipogonga nilitoka nikasimama ngazini na karatasi ya miti. Alikuwa amekwenda kusimama mbele kabisa, karibu kiasi cha kugusana nami, na alikuwa ameinua uso, akingoja nianze.